Kibuyu Chenye Miguu

Mpendwa baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kwa njia nyingine.

Unakumbuka ulivyochora ukuta wa nyumba yetu kijijini Tumati kwa mkaa, majivu na udongo mwekundu? Nyumba isiyo na mlango, na kibuyu cha maziwa kinaiendea kwa miguu ya mtu. Waliotoka kanisani walicheka mpaka wakashika mbavu, nami niliona aibu. Mguu wa kushoto ulikuwa na vidole vinne. Nilikuwa darasa la tatu, mjuaji kweli kweli, nikachukua mkaa nikaongeza cha tano. Ulikifuta kwa kiganja, ukaniambia, "Usinisahihishie." Hukuwahi kunikaripia kabla ya siku ile.

Baadaye chuoni nilijifunza usurealisti, yaani uchoraji wa vitu vya kawaida vilivyopangwa kama ndotoni. Sasa nafundisha hayo hayo shuleni Nangwa, nawahimiza wanafunzi watafute maana iliyofichwa. Ukuta wako sikuwahi kuutafutia chochote. Juzi nilirudi nyumbani na fundi aupige plasta.

Mama alipoona ndoo ya saruji alisimama mbele ya kibuyu, akakataa kusogea.

"Hii miguu ni ya Mama Paulo," alisema.

Ndipo akanieleza. Kabla sijazaliwa mlizika mtoto aliyekuwa bado ananyonya, na kwa mila ya wakati ule nyumba yenu ikatengwa. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyewapa hata moto. Jirani yenu Mama Paulo peke yake alileta maziwa alfajiri, akayaacha nyuma ya nyumba. Angejulikana, naye angetengwa. Hata asante hamkuweza kumpa mbele za watu. Siku hizi mila hiyo imelegea, ndiyo maana nathubutu kuiandika.

Kidole chake kilikatwa na jembe. Nimemwamkia mama yule miaka yote, sikuwahi kutazama miguu yake.

Baba, nakuvulia kofia. Ulimshukuru hadharani, kijiji kizima kikitazama, na siri yake hukuitoa. Mimi mwenye cheti nisingeweza. Mama anasema Mama Paulo kila alipofika pale alipunguza mwendo, akatabasamu, akaendelea na safari yake.

Plasta itaishia pembeni mwa picha. Jana fundi, kwa wema wake, aliniuliza kama aongeze kile kidole kilichosahaulika. Nilimwambia asithubutu kumsahihisha baba yangu.

Pumzika, baba. Nakukumbuka mno.

Binti yako,
yule wa mkaa