Shimo la Tisa

Jumatatu, 5 Mei
Nimepima maji ya bwawa asubuhi, kama kila siku. Yamepanda tena. Mvua siku ya nne, mtaa wetu wote wa Junda ni matope.

Chini ya tuta linalozuia maji ya bwawa, nyuma ya jiko la Bi Mwanajuma, pametota, kiasi cha mkeka. Maji safi, yanachuruzika polepole. Akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni mvua tu, Bi. Akasema haya mwanangu, na akaamini.

Si mvua. Najua yanakotoka. Tulipotoboa mwamba chini ya tuta tuuzibe kwa uji wa saruji, shimo la tisa lilikunywa saruji kutwa nzima lisijae. Jiwe la huku ni matundu matupu. Kesho yake ilikuwa harusi ya binti yangu. Nilimwambia Mutua, fundi wa pampu, azime. Kwenye kitabu cha kazi, mimi msimamizi, nikaandika: limejaa. Nikatia sahihi.

Jumatano, 7 Mei
Sasa yanatiririka. Nimekinga kwenye gilasi: bado safi. Yakiwa safi kuna nafuu. Yakichafuka, ni udongo wa tuta unaoondoka.

Injinia Rukia alikuja, akataka kitabu. Alisoma mstari kwa mstari. Mashimo yote yamejaa. Akauliza pampu aliishika nani.

Nikamtaja Mutua. Basi.

Alhamisi, 8 Mei
Mutua amesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Wanasema alichanganya saruji nyepesi. Alinifuata mbele ya watu.

“Mzee Athumani, si wewe uliniambia nizime?”

“Sikumbuki.”

Niliyasema hayo kwa kinywa changu. Alichukua viatu vyake vya kazi, akaenda zake kwao Chaani.

Ijumaa, 9 Mei
Khutba sikuisikia. Baada ya swala nilikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko. Nikakinga gilasi.

Maji ya udongo. Kama chai ya maziwa.

Nikampigia Injinia. “Shimo la tisa halikujaa. Niliandika uongo. Mutua hana kosa.”

Akasema: “Fungua valvu zote, bwawa lipungue. Toa watu kwenye nyumba za chini. Mengine baadaye.”

Bi Mwanajuma nilimtoa mwenyewe, na godoro lake. Hapo ndipo nilipomwambia kwamba haikuwa mvua.

Jumamosi, 10 Mei
Maji yameshuka mpaka nusu. Kutwa tumebeba mchanga na kokoto, tumefunika pale yanapotokea. Mchanga kwanza, kokoto juu, maji yapite na udongo ubaki. Ukiyaziba tu yatatokea kwengine.

Alasiri yalianza kutoka safi. Tuta limesimama. Pembe ya jiko imedidimia, ukuta umepasuka toka juu hadi chini. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi.

Nimechoka na sistahili kupumzika.

Jumanne, 13 Mei
Nimekwenda Chaani. Mutua alitoka nje, akaurudisha mlango nyuma yake. Hakunikaribisha. Nikamwambia nimeandika barua, jina lake limesafishwa, ataitwa kazini.

“Mke wangu ameniuliza mara tatu kama ni kweli,” alisema. “Mara ya tatu hata mimi nilianza kujiuliza.”

Nikaomba radhi. Akasema amesikia. Kusikia si kusamehe. Nilirudi hivyo hivyo.

Jumapili, 25 Mei
Mutua amerudi kwenye pampu. Shimo la tisa wamelitoboa upya, limejaa kweli; Injinia alisimama hapo mpaka mwisho. Mimi si msimamizi tena. Barua ya hatima yangu bado haijaja. Ikija nitaipokea.

Leo nimekwenda kwa Bi Mwanajuma na jembe na sururu. Nilimpa shikamoo. Akaitikia marahaba. Nikabomoa ukuta uliopasuka, nikaanza kuchimba msingi mpya wa jiko. Alivuta kigoda, akakaa kunitazama.

Jua lilipokuwa kali nikasita kidogo.

“Chimba mpaka jiwe,” akasema.

Nikachimba.