Fomu Niliyokataa Kusaini

3 Februari

Binti yangu,

Hujambo? Na mguu wa bibi yako unaendeleaje? Mimi mzima, ila miguu yangu haijui tena kama ni yangu. Nimetoka kusimama kwa muda wa saa kumi na mbili.

Fomu yako imefika. Unataka uje tutengeneze chipu za simu pamoja hapa kiwandani, na kwa kuwa hujatimiza miaka ishirini na moja, bila saini ya mzazi hawakupokei. Sisaini. Niliishia darasa la sita, lakini kusoma karatasi kabla ya kuweka kalamu najua.

Uzuri wa kazi hii nitausema, nisije nikaitwa mchoyo. Mshahara hauchelewi. Hakuna jua, hakuna mzigo kichwani, ukiumwa kuna daktari. Ndiyo iliyokusomesha. Na nikiona watu wameinamia simu zao, najisemea, humo ndani mna mkono wangu.

Lakini chumbani mwetu haitakiwi hata chembe ya vumbi. Tunavaa nguo nyeupe toka utosini hadi unyayoni, macho tu ndiyo nje. Ukibanwa na haja unavua yote, unakwenda, unavaa yote upya. Basi wengi hatunywi maji. Hewa ni kavu, mikono inapasuka. Dawa za kuoshea tunaambiwa hazina neno, ila anayetuambia huvaa barakoa mbili.

Fikiri tena.

Mama yako

26 Februari

Mama,

Shikamoo. Huku wote wazima. Mguu wa bibi sasa unafika dukani kwa ajili ya umbea, kwa hiyo umepona.

Nimefikiri. Tangu nimalize shule nakaa kwenye kibanda cha mjomba nauza vocha, na shuleni hesabu nilikuwa wa kwanza. Wewe unanihesabia ubaya wa kazi uliyoifanya miaka minane. Kama ni mbaya hivyo, rudi. Kama si mbaya hivyo, saini.

Nimekutumia kopo la mafuta niliyochanganya mwenyewe na nta. Ni ya mikono yako.

Mwanao

19 Machi

Binti yangu,

Marahaba, na msalimie bibi. Mikono imepona, lakini nimejitia matatani.

Sheria yetu ni kwamba kabla ya zamu hujipaki kitu. Nami naijua kama jina langu. Asubuhi ile nilifungua kopo lako, likanukia nyumbani, nikajipaka kidogo shingoni. Ndani ya chumba shingo ikaniwasha, nikaingiza kidole chenye glovu chini ya kofia, nikajikuna. Kisha nikapanga visahani, vile vyembamba vinavyong'aa ambavyo hukatwa kuwa chipu. Kikapu kizima, ishirini na tano, kikaingia doa. Jicho halilioni, mashine ililiona.

Msimamizi wetu tunamwita Mzee Vumbi, maana neno hilo ndilo salamu yake. Akatupanga mstari.

"Nani kaingia na mafuta? Asiposema, zamu nzima inakwenda nyumbani."

"Wote kumi na wanane?" akauliza jirani yangu wa mashine.

"Na wewe mwenye mdomo utatangulia."

Nikasema ni mimi. Kesho naitwa ofisini. Huenda barua ijayo nikaileta mwenyewe.

Mama yako

30 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimekuandikia mara mbili na hujajibu. Unakula? Unalala wapi?

Mafuta yalikuwa yangu. Waambie hivyo. Bibi anasema kosa moja haliachi mke, sembuse mfanyakazi. Lakini kama wamekuachisha, rudi bila aibu. Chumba chako tumekitoa magunia na kukifagia. Fomu ile ichane. Siitaki tena.

Mwanao

11 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Nisamehe. Walinisimamisha wiki sita, na aibu ikanifunga mkono.

Hawakunifukuza. Mzee Vumbi alisema mtu anayejitaja mbele ya mstari ndiye anayemtaka mlangoni. Sasa nakagua wanaoingia. "Umejipaka nini leo, bwana harusi?" Wananichukia vizuri tu. Posho ya zamu imekwenda, kiti nimepata, na maji nakunywa.

Kwenye kiti hicho nimeona kitu ambacho sikukiona kwa miaka minane. Kuna mafundi wa mashine, wengine wasichana kama wewe. Wanaingia kwa muda wa saa moja au mbili, wanatoka, wanakaa. Wakiuliza dawa hii ina nini, wanajibiwa. Nilimsimamisha mmoja nikamuuliza amepitia wapi. Akanicheka, "Mlango ni huu huu, mama, fomu ndiyo nyingine. Hesabu, mtihani, halafu mwaka wa mafunzo."

Sikuambii kazi ni nyepesi, wala dawa zile sizisifu hata leo. Ya kwako nimeichana kama ulivyosema. Hii niliyoambatisha ni ya mafundi, nimeisaini. Mtihani utafanyika mjini kwenu mwezi wa nane. Hesabu siwezi kukusaidia, nilikuachia zamani.

Mama yako

4 Septemba

Mama,

Shikamoo. Nimefaulu. Tulikuwa mia moja na arobaini, wamechukua tisa. Bibi ametangaza dukani mpaka muuza duka amemwomba anunue kitu.

Nitashuka stendi Jumamosi ya tarehe ishirini, saa nne asubuhi. Ulipoondoka nilikuwa na miaka kumi, na picha za simu hazionyeshi kimo. Usisimame pale ukitafuta mtoto. Inua macho.

Mwanao