Gari la Kulivutia Trela

Kambi ya Mabomba, nje ya Williston
Septemba

Mpendwa dada Imogene,

Pokea salamu kutoka huku kwenye upepo. Natumai wewe na wanao hamjambo, na kwamba goti lako limekubali kupanda ngazi tena. Sisi tunapumua tu. Mimi mgongo, Darla kifua. Daktari amemwambia waziwazi kwamba baridi nyingine ya huku hataimaliza.

Asante kwa kutusafishia kile kiwanja juu ya kilima chako na kutuvutia umeme. Darla anakitaja kila siku. Zaidi ya hapo hatuna pa kwenda, na nyumba yako najua imejaa hadi jikoni.

Ilibaki kupata gari la kulivuta trela hili, nyumba yetu ya magurudumu, hadi kwako. Tulibishana kiangazi kizima. Jirani yetu Duane Skogstad, fundi wa kuchomelea, mzaliwa wa huku, alishikilia tununue la petroli. Akaniambia, "Wewe mtu wa Arkansas, subiri baridi ianze. Dizeli yako itaganda iwe uji, usukume gari na mkeo." Nikamjibu kwamba yeye mlima hajauona, kwao tuta la reli wanaliita kilima. Nikamweleza mteremko wa kwako, jinsi injini ya dizeli inavyolizuia gari lenye mzigo lisikimbie. Darla akacheka mpaka akakohoa, akasema tununue hata punda, mradi tuondoke. Nikanunua pikapu ya dizeli, kuukuu lakini nzima. Akiba yetu ikaishia hapo.

Juzi Darla alipokwenda kliniki, nikaanza kuliandaa trela. Huku kila mtu huzungushia trela lake mbao kwa chini ili upepo usipite sakafuni. Zetu hatukuwahi kuzitoa tangu tuhamie. Nikazing'oa, nikafunga trela kwenye gari, nikavuta polepole. Gari likaenda. Trela likabaki, fremu yake ya chuma imekatika mbele.

Duane akatambaa chini na tochi. Kila alipogonga kwa nyundo, kutu ilimwagika kama makapi. Unyevu ulikuwa umefungiwa humo na mbao zetu wenyewe, ukila chuma miaka yote. Nikamwomba achomelee. Akasema, "Nichomelee nini, ndugu yangu? Kutu kwa kutu?" Habari ya dizeli hakunitania hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua kwamba yamekwisha.

Kiangazi kizima tulikuwa tukifunua boneti za magari ya watu. Hakuna aliyeinama kutazama chini ya sakafu ninayolalia.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Darla hajui. Mimi na Duane tulisukuma trela likakaa sawa, tukazirudisha mbao kabla hajafika. Hivi ninavyoandika anafunga sahani kwa magazeti, na ameniuliza vikombe viende boksi gani. Nimemwambia lile dogo.

Akikupigia simu kusema tunaondoka Jumamosi, mwitikie tu, dada. Usimuulize chochote. Na akitokea mtu anayekitaka kile kiwanja, mpe.

Wabusu watoto kwa niaba yetu, na ulichunge hilo goti.

Ni mimi mdogo wako,
Delmer