Mboga Bila Tonge

Ijumaa, Mei 1954

Leo tena nimeota ugali wa muhogo, mweupe, unafuka mvuke. Nami nilikuwa macho.

Daktari wa misheni alisema nina sukari: nipunguze ugali, nile mboga kwa wingi. Lakini yeye hajala barazani kwetu Ruponda, wanaume sita na bakuli moja la kisamvu. Nilipochota mboga mara ya tatu bila tonge, Saidi, kaka wa mke wangu, akaacha kutafuna.

"Shemeji, unatumalizia mboga!"

Wakacheka. Nimeudhika mpaka sasa. Mimi, mlafi!

Ningewaeleza, lakini... Baba alikufa na kiu hii hii ya sukari. Sitaki wanitazame walivyomtazama yeye. Hata mke wangu, Zuhura, sijamwambia.

Basi nikamega tonge, nikalifinyanga polepole, huku nikiwaza mbali, mpaka wenzangu wakanawa. Lilikuwa na joto kama kifaranga.

Zuhura alipokuja kutoa vyombo, nikamtilia tonge lile kiganjani. Alilitazama, kisha akanitazama mimi.

"Kesho kisamvu nitapika chungu kikubwa," akasema, akaingia ndani.