Maharage Niliyompa Mama wa Mapacha

Kijiji cha Kidahwe,
Kigoma.
28 Novemba 1993

Mpendwa dada Winfrida,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani kwako hapo Morogoro, mzima, mguu umeshaacha kukusumbua. Ile dawa ya kuchua aliyokununulia shemeji Gaudensi imesaidia, au bado unapanda ngazi za kanisa kwa kushika ukuta? Nijibu ukweli. Nakujua, hata ukiwa hoi kitandani utaandika kwamba hujambo.

Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Bwana wangu Bonifasi alishikwa na kikohozi lakini kimekwisha. Anatoli wetu alipokea Komunyo ya kwanza mwezi wa tisa, na vile viatu ulivyomtumia vilimbana vidole, lakini alikataa kuvivua mpaka jioni. Mvua zimeanza vizuri.

Dada, leo nina jambo la kukueleza, na nakuomba ulisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunigombeza. Nimepitia siku tatu ambazo sitaki zirudi tena. Siku zote hizo chakula hakikushuka.

Najua mmesikia redioni habari za wenzetu wa Burundi. Tangu mwisho wa mwezi uliopita barabara yetu imejaa watu. Wanakuja na magodoro kichwani, wengine na sufuria tupu, wengine mikono mitupu kabisa. Wengi walipumzishwa hapa kanisani kwetu wakingoja malori ya kuwapeleka kambini Kasulu. Kwa lugha hatusumbuani, Kiha na Kirundi ni ndugu.

Jumapili iliyopita katekista Benedict alifundisha juu ya yule mjane wa Sarepta aliyempa nabii konzi yake ya mwisho ya unga. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la tatu, na mbele yangu kuna mama mmoja Mrundi aitwaye Rozalia, mapacha wawili magotini na binti mkubwa pembeni. Mume wake hajulikani alipo. Nikaona katekista ananisema mimi. Unajua nilivyo, ulinilea mwenyewe: mkono wangu hutangulia kichwa.

Basi misa haijapoa, nikamchukua Rozalia mpaka nyumbani, nikaingia stoo, nikabeba nusu debe la maharage nikamiminia kwenye kiroba chake. Nikamwambia, "Yana majivu tu mama, yaoshe ndipo upike." Maneno hayo, dada! Alinipigia makofi ya shukrani kama tunavyowapigia wakubwa, nikajisikia mtakatifu kabisa. Hata chakula cha mchana siku hiyo nilikula kwa maringo.

Kesho yake asubuhi Bonifasi alirudi kutoka kwa kaka yake kule Mwandiga, akaenda moja kwa moja stoo maana ilikuwa siku ya kupanda. Nikamsikia ananiuliza mbegu ziko wapi. Nikamwambia mbegu zipo kwenye chungu kama siku zote. Kumbe Bonifasi mwezi wa saba, nilipokuwa namuuguza mama mkwe, alimsikiliza bwana shamba, akazihamishia mbegu kwenye debe na kuzichanganya na dawa ya unga ya kuua wadudu. Kwenye chungu akaweka ya kula. Hakuniambia, na mimi sikuuliza. Maharage yetu yote huwa tunayatia majivu, ya kula na ya mbegu, kwa hiyo ule weupe haukunishtua hata kidogo.

Dada, nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Nilikuwa nimempa mama mwenye njaa sumu kwa mkono wangu, tena nimemfundisha namna ya kuipika. Na dawa ile, anasema Bonifasi, haitoki kwa kuosha mara moja.

Bonifasi hakungoja. Alirukia baiskeli mpaka kanisani. Akakuta jivu la mafiga na kanga moja imesahauliwa kwenye uzio. Malori yalikuwa yameondoka alfajiri.

Sitakuficha, shetani alinijaribu. Nilifikiri: nani atajua? Watu wenyewe wanaugua njiani, wanakunywa maji ya madimbwi, kama watoto wakifa watasema ni kuhara. Fikra hiyo ilinipitia kichwani nikiwa nimeshika rozari, na ndiyo iliyonitisha kuliko dawa yenyewe. Nikamwambia Bonifasi nakwenda Kasulu. Akasema, "Nenda. Hata kama umechelewa, nenda."

Gari la kwanza lilikosekana, la pili likajaa. Jumanne nikapanda juu ya lori la unga wa wakimbizi, nimekaa kwenye magunia pamoja na Ziada, jirani yetu muuza mawese, aliyekataa kuniacha niende peke yangu. Njia nzima alinishika mkono. Yeye alimwomba Mungu kwa dua zake na mimi kwa sala zangu, na nadhani huko juu zilifika pamoja. Bwana Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, lakini hakukataza macho yasiangalie debe. Hilo nililitafakari kilomita zote zile.

Kambi yenyewe, dada, siwezi kukueleza. Vibanda vya majani na mahema ya plastiki mpaka macho yanachoka. Tuliuliza mama wa mapacha, tukapelekwa kwa mama wa mapacha wa kwanza, siye. Wa pili, siye. Ikatukuta jioni, tukalala kwa masista. Jumatano asubuhi tukaonyeshwa kaburi dogo jipya pembeni ya njia. Nikamtuma Ziada akaulize, mimi nikabaki nimeshika mti. Aliporudi akasema ni mzee mmoja wa Makamba huko Burundi, alifika akiwa mgonjwa, amekonda kama mtoto. Mungu anisamehe, nilimshukuru kwa ajili ya kifo cha mtu.

Karibu na saa sita mchana nikamwona yule binti mkubwa anatoka mtoni na ndoo. Nikamfuata nakimbia kama mwendawazimu. Na Rozalia alikuwa pale, amekaa mlangoni pa kibanda, anakoroga uji wa unga wa msaada. Mapacha wote wawili walikuwa wanagombania kijiko. Kile kiroba kilikuwa nyuma yake, kimefungwa kwa kamba ile ile niliyokifungia mimi.

Nikamwuliza kwa nini hajayapika. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hajala kiti. Akasema, "Mama, izi ni imbuto! Nilipofungua niliona ni mbegu. Zote za namna moja, hata moja haijavunjika. Mtu alizichagua kwa mkono. Nani anakula imbuto?"

Kumbe usiku wa kwanza hawakupata chakula cha msaada. Watoto walilia mpaka wakalala, na yeye akakalia kiroba cha maharage. Aliniambia kwamba wengine wote njiani waliwapa vya kula leo, ila mimi peke yangu nilimpa cha kula mwezi wa pili, na ndiyo maana alijua nimemhesabu kuwa ataishi. Alisema maneno hayo huku ananishika mikono yote miwili.

Sasa niambie, dada, ungefanya nini? Ziada alinikanyaga mguu ili ninyamaze. Lakini sikuwa nimesafiri safari yote ile ili nirudi na sifa isiyo yangu, na dawa ilikuwa bado mle ndani karibu na watoto. Nikamweleza yote. Kwamba nilikosea debe, kwamba nilidhani ni ya kula, kwamba yana sumu, asiyaguse bila kunawa, na mtoto asiyachezee. Nililia nikitegemea anifukuze.

Aliendelea kukoroga uji. Kisha akauliza, "Lakini zitaota?"

Nikamwambia zitaota kuliko zote.

"Haya, basi niachie," akasema. "Na za kula utazileta lini?"

Tulicheka, dada, mpaka uji ukaungua. Keshokutwa Bonifasi anapeleka zile za kwenye chungu. Jana tulikaa kuzichaguachagua, tukatoa kidogo za kupanda sisi, zimechanganyika rangi na nyingine zimetobolewa. Kati ya sasa na mavuno tutakula muhogo mwingi. Naogopa kidogo, sitakudanganya, ila usingizi naupata.

Msalimie sana shemeji Gaudensi, Evaline na watoto wake, na mama Honorata wa jirani kama bado mnapatana. Ziada na Bonifasi wanakusalimu. Mungu awalinde mlalapo na muamkapo, na akuponye mguu huo.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye siku zote,

Leonia