Chebet, Nimeona Mdomo wa Mtoto Wako

Chebet binti yangu,

Mimi kalamu siijui, unajua. Mwalimu jirani ndiye anaandika, na nimemwambia asinilainishie maneno.

Nimechukizwa, Chebet. Tangu tukuzike, nilikuwa nasikia kutoka kwenu Sugoi kwamba Kibet wako anakula vizuri. Nikaenda mwenyewe. Alinirukia, nikambusu, na harufu iliyotoka kwa mdomo wake ilikuwa ya kitu kilichooza. Meno ya mbele yamekuwa meusi, yameliwa mpaka kwa ufizi. Ufizi una usaha. Mtoto wa jirani aliyezaliwa nyuma yake amempita kwa urefu!

Baba Kibet amenunua shamba pamoja na wenzake, lile la mzungu. Basi maziwa yote yanaingia kwa madebe, yanaenda kiwandani, shamba lilipwe. Mtoto anapewa chai ya rangi, sukari mpaka kijiko kinasimama, na mkate mweupe. Usiku analala na chupa ya hiyo chai mdomoni. Nikamuuliza baba yake. Akacheka: "Mama, tumenunua shamba la mzungu, tusinywe chai kama yeye?"

Wakati wa mzungu ng'ombe walikuwa wake, mtoto wetu akakosa maziwa. Leo ng'ombe ni wetu na mtoto bado anakosa. Pfu!

Siku hiyohiyo akaja msichana wa utafiti, anazunguka akiangalia vile watoto wadogo wanakula na kukua. Akafunga mizani kwa boriti, akamning'iniza Kibet, akachungulia meno. Akauliza mtoto alikula nini jana. Baba Kibet akanyoosha shingo: "Maziwa asubuhi, mayai mchana, jioni mboga." Hata kuku walishangaa. Ni aibu kumwambia mgeni kwamba mwenye ng'ombe hana maziwa nyumbani, hiyo naielewa. Lakini msichana alikuwa anaandika!

Unajua mama mkwe hamgombezi mkwe wake, sembuse mbele ya mgeni. Nilimgombeza, nikamgeukia msichana:

"Futa hiyo, binti. Ukienda nayo utatafuta ugonjwa ambao hauko. Huyu anakula sukari."

"Mama, unanifedhehesha," akasema baba Kibet.

"Fedheha iko humu. Chungulia!"

Nikamfungua Kibet mdomo. Ndiyo mara ya kwanza baba yake aliangalia. Halafu hasira ikampanda: "Kama unajua sana, mchukue." Alidhani nitaogopa. Nilimfunga mgongoni palepale.

Msichana akatusindikiza mpaka njiani. Alisema chupa itupwe, mtoto apewe maziwa, mayai, maharagwe, mboga, na meno yaliyooza yapelekwe hospitali Eldoret. Tulienda. Kibet alimng'ata daktari kwa yale machache yaliyobaki, nikamsifu kimoyomoyo.

Sasa yuko kwangu hapa kijijini Ziwa. Ninamsugulia kibuyu kwa mkaa kama nilivyokusugulia wewe, anakunywa mursik, maziwa yetu ya mgando, mpaka masharubu yanabaki. Anaita chai, analia. Namwacha alie. Ukiwa mdogo ulilia hivyo ukitaka kula udongo, na sikukupa.

Baba yake alipita juzi. Hakuingia. Aliacha yai moja kwa kitambaa mlangoni akaenda. Bado nimemkasirikia. Yai nimempikia mtoto.

Pumzika, Chebet wangu. Meno ya utoto yameharibika na siwezi kuyarudisha. Msichana alisema mengine yako chini ya ufizi, yanangoja. Hayo nayalinda mimi, hata nikigombana na Sugoi nzima.

Mama yako