Macho Yako, Mama, na Kicheko cha Mzaramo

Kampala, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi huku ni mzima, ila nawakumbuka sana. Wewe na nyumba yote ya Kanyenye mwaonaje? Na wewe Mwajuma, dada yangu unayemsomea mama, usiruke mstari hata mmoja, hata ukifika mahali utakapotamani kuruka.

Mama, barua yako nimeipata. Unasema mtoto wa jicho amekwisha kuziba jicho la kushoto, sasa anaingia la kulia, na juzi ulimtilia mgeni chumvi kwenye chai. Unasema maadamu nimemaliza udaktari, nije nifanye kazi hapo Tabora unione kabla giza halijafunga. Nimelia, sikufichi.

Hapa kila daktari mpya huchagua: aende kazini moja kwa moja, au abaki mwaka mmoja ajifunze fani moja zaidi. Mimi niliomba macho. Bwana daktari wa macho alinikubali, kisha nikaharibu mwenyewe.

Alilazwa mpishi mmoja, Mzaramo, mwenye ugonjwa kama wako. Mtu akishapasuliwa hufungwa macho yote mawili, akalala chali siku kadhaa bila kutikisa kichwa. Nilipomsalimu akanijua kwa matamshi.

"Mnyamwezi wewe!" akasema. "Nani kakuruhusu humu? Si ungebaki kwenu ukabeba mizigo!"

Ningefanyaje, mama? Mtani haachwi bila jibu. Nikamwambia, "Lala kimya, Mzaramo. Ukifa leo kanzu yako yangu, na mkeo namchukua."

Akacheka mpaka kitanda kikalia. Kumbe Bwana daktari amesimama mlangoni.

Alinifokea mbele ya wauguzi. Kicheko kile kingeweza kufumua mshono na jicho likapotea. Nami nilijua, ila utani ulinisahaulisha. Akalifuta jina langu papo hapo katika orodha ya wanaobaki.

Siku ya kufungua bandeji niliitwa kwa ombi la mgonjwa. Mzaramo akapepesa, akanitazama juu mpaka chini. "Ah! Kumbe sura yenyewe ndiyo hii? Nifungeni tena!" Kisha akamgeukia Bwana daktari. "Bwana, nililala gizani nikiogopa kama mtoto. Huyu aliponitukana ndipo nilipojua nina ndugu humu."

Bwana daktari akanirudisha, kwa sharti nisimtanie mgonjwa kabla nyuzi hazijatolewa. Nimekubali, ingawa mdomo unaniwasha.

Basi mama, fomu ya kubaki mwaka mmoja nimeitia sahihi na nimekwisha kuipeleka. Sikungoja radhi yako, kwa kuwa nilijua utasema njoo, nami ningekuja. Ningekaa ubavuni pako, daktari mzima, nikikushika mkono kukupeleka uani, basi, sina zaidi, maana kupasua jicho bado sijui. Kazi yangu ya kwanza mwaka ukiisha nimeomba iwe hapo Tabora.

Nisalimie baba mdogo na cherehani yake, shangazi wa Sikonge akileta asali, na bibi jirani anayekuchotea maji. Mwambie namshukuru sana.

Huenda siku nitakayoshuka garimoshi usinione. Usilie pale stesheni, mama. Nyoosha mkono tu, nitaujia. Na kama umekasirika, kasirika, lakini usininyime radhi.

Mwanao akupendaye,
Juma